Mama, Kura

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Nyakabanda, mjukuu wa mtu wa pwani, na Kiswahili chake alikionea fahari kuliko nyumba yake. Alisema anayechanganya L na R heri anyamaze. Nami nilipozaa nikawa vivyo hivyo. Binti yangu wa kwanza alishinda na bibi yake mzaa baba, mzungumzaji wa Kinyarwanda, basi "lala" kwake ilikuwa "rara". Mimi namsahihisha: "Ulimi juu! La-la!" Ananitazama tu, kama mimi ndiye mgonjwa.

Mwaka 1992 nikajifungua wa tatu. Vita vilikuwa kaskazini, bei za vitu zimepanda, baba watoto yuko safarini na lori. Majirani wakafuata desturi, wakaniletea igikoma, ule uji wa mtama anaopewa mzazi ili maziwa yashuke. Mungu awalipe. Lakini wanangu wawili wakubwa walikaa mlangoni wakiikodolea macho ile chupa ya uji, na moyo ukanishinda. Nikawa nawagawia wao, nikiulizwa nasema nimeshiba.

Maziwa hayakudanganyika. Kichanga alivuta, akaachia, akalia. Kliniki nesi alimpima, akaniambia kwa upole kwamba uzito unashuka, na hali ikiendelea hivyo tutampoteza. Nilirudi naye mgongoni nikiogopa wepesi wake.

Jioni jirani akaleta uji. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukamimina vikombe viwili vya wakubwa. Binti yangu akakisukuma chake. Alikuwa nami kliniki, ameshika kitenge changu, kumbe masikio yalikuwa wazi.

"Mama, kura."

"Si kura, ni kula. Na uji hunywewa, hauliwi."

"Kura!" Akapiga mguu chini. "Mimi hapana kunywa. Mtoto iko na njaa. Wewe kura!"

Mdogo wake, anayemwiga kwa kila kitu, naye akarudisha kikombe.

Nilikuwa nafungua mdomo kumsahihisha tena, mama mkwe akaangua kicheko jikoni. "Mwache, mwana wangu. Hapana kukosea. Kwetu kura ni kukua. Anakuambia ukue, na kweri, wewe bado."

Nilikasirika, nikacheka, nikalia, nikanywa. Vikombe vyote viwili, watoto wamesimama mbele yangu kama askari. Mama mkwe akawapa wao viazi vitamu vilivyobaki mchana. Tangu hapo kila jioni binti yangu alinisimamia mpaka nimalize, na kidogo kidogo yule kichanga akaanza kunielemea mgongoni. Sijawahi kufurahia mzigo namna ile.

Mwaka 1994 ulimchukua mama mkwe, na wengi wa wale walioniletea uji. Wanangu wote watatu Mungu aliniachia. Namshukuru kila siku, na bado naona sijamshukuru vya kutosha.

Kichanga yule sasa ni mama. Alipojifungua nilimpelekea igikoma, nikakuta mtoto wake mkubwa ameketi karibu, macho kwenye chupa. Binti yangu huyu akamsogezea kikombe, akaniambia, "Mimi nimeshiba, mama."

Nikakichukua kile kikombe, nikamrudishia binti yangu mkononi, nikaketi mbele yake.

"Kura," nikamwambia, kwa R, wazi kabisa.