Mwanamume Aliyeonekana Nyumbani Mchana

Kila asubuhi, hata baada ya ofisi ya Kitale kufungwa, Khisa alipiga viatu vyake rangi. Alivaa soksi, akafunga kamba, akatembea hatua tisa kutoka chumba cha kulala hadi meza ya sebuleni, akafungua kompyuta. Wateja wa bima waliompigia kulalamika hawangejua kama ana miguu, sembuse viatu.

Peris, mkewe, alicheka kwa wiki moja. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameolewa na mtu wa Jumamosi: anafika kijijini Sirisia na mkate, anakagua ng'ombe, Jumapili jioni anarudi Kitale. Kampuni ilipowaambia wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, Peris alisimama kanisani akamshukuru Mungu mbele ya watu wote. Hakujua kwamba alikuwa anatoa tangazo.

Maana Sirisia, mwanamume anayeonekana kwake saa nne asubuhi ni mgonjwa, au amefutwa kazi, au hana la kufanya. Khisa hakuwa akikohoa, na mkewe alishasema hakufutwa. Basi majirani wakamtumia. Alishika ndama wa watu wakidungwa sindano. Alishuhudia mipaka ya mashamba ikipimwa upya. Na kwa kuwa alikuwa na kompyuta, mazishi yote yakawa yake: kuandika wasifu wa marehemu, kupanga picha, kutuma kwa mchapishaji wa sokoni atoe kijitabu.

“Niko kazini, mama,” alimwambia jirani yao mzee, Nabwile, huku amefunika kipaza sauti kwa kiganja.

“Kazi gani, na umekaa?” Nabwile akavuta kiti. “Andika pole pole tu. Marehemu hana haraka.”

Kukataa hakukuwezekana. Anayekataa mazishi ya wenzake, kaburi lake atalichimba mwenyewe. Kwa hiyo Khisa aliwahudumia wafu mchana, na jioni akafidia saa za kampuni, Peris akila ugali wake akimtazama mgongo. Alikuwa na mume nyumbani siku saba, na bado alimwona Jumamosi tu.

Kisha akafa Mzee Wakhungu, aliyeamua kesi za kijiji kwa miaka thelathini. Akafa wiki ambayo ripoti ya malalamiko ya wateja ilikuwa inatakiwa. Khisa aliandika vyote viwili siku moja, akavituma kwa haraka: ripoti ikaenda kwa mchapishaji, wasifu ukaenda kwa kampuni.

Siku ya mazishi, Noah, kifungua mimba wa marehemu, alifungua kijitabu akasoma kwa sauti nzito: “Malalamiko yaliyopokelewa, mia mbili na kumi. Yaliyotatuliwa, tisini.”

Waombolezaji wakatikisa vichwa. Waliona hesabu hiyo ni ya haki kabisa. Peris alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka, na watu wakamsifu kwa uchungu wake.

Jumatatu, Mary Ann, mkubwa wa Khisa huko Nairobi, alipiga simu. Peris alisikia yote kutoka jikoni.

“Khisa, huyu mwenye wajane wawili na watoto kumi na watatu ako idara gani?”

“Ni mzee wetu, madam.”

“Poleni. Kosa lingine moja tu, na wewe tutakuandikia wasifu wako.”

Jioni Khisa alisema atakodi chumba Kitale, afanyie kazi nyumbani huko.

“Nyumbani kwa nani?” Peris akauliza.

“Si huko hawanijui, Peris.”

“Na mimi nikujue lini?”

Peris alitaka kumwambia awakatae wafu wa watu, lakini alijua maneno yangemfuata yeye sokoni. Akampakia mashati matatu. Wiki ya kazi ina siku tano; la nne angelifuata nyumbani.

Asubuhi alimsindikiza hadi langoni.

“Mtu akikufa,” Khisa akasema, “usinipigie kabla ya saa kumi na moja.”

“Na nikikufa mimi?”

Khisa alifikiri, kama mtu anayeangalia ratiba.

“Wewe ukikufa, upige wewe mwenyewe. Hiyo nitaacha kazi nije.”