Tarehe ya Uongo

Nina mdomo mbaya, na sikuupata juzi. Miaka ile nilikuwa fundi wa kompyuta peke yangu katika chuo kimoja cha uuguzi hapa Bukavu, na kuwa peke yako kunaharibu mtu. Kila mtu anakuita papa, kila mtu anakungojea, mwisho unaanza kuamini hata umeme ukikatika unarudi kwa sababu yako. Sekretari wetu alikuwa maman mmoja mjane, amenipita miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa ananisalimia kabla sijamsalimia, nami nilikuwa naona ni haki yangu.

Yeye ndiye alikuwa anaingiza pointi za wanafunzi katika programu ya buletini, zile ripoti za matokeo. Leseni ya programu hiyo ilikuwa imekwisha zamani. Nilikuwa nimegundua kwamba ukirudisha tarehe ya kompyuta nyuma, hadi mwaka ule leseni ilipokuwa hai, programu inafunguka bila kuuliza kitu. Basi kila asubuhi maman alikuwa anavua koti lake, anapanguza meza, anarudisha tarehe nyuma, ndipo anaanza kazi, na jioni anaweka tena ile ya kweli. Direkteri, mkuu wa chuo, hakujua. Nilikuwa nimemwambia leseni imerefushwa kwa akili yangu, naye alikuwa anajivunia jambo hilo mbele ya wageni. Nilimkataza maman asimwambie mtu, na hakumwambia mtu.

Wiki ya kutangaza matokeo, rafiki yangu wa Goma akanitumia toleo jipya ambalo halikuhitaji tena leseni. Nikaliweka Jumatatu asubuhi kwenye kompyuta ya maman bila kulijaribu pembeni kwanza, kwa kiburi tu. Ukibofya, nembo inatokea, kiduara kinazunguka mara mbili, halafu hakuna kitu. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna onyo, programu imeondoka kama mgeni asiyeaga. Nikazima, nikawasha. Nikaiondoa, nikaiweka upya. Nikaitukana kwa Kifaransa na kwa Mashi. Ilikuwa inatokea na kupotea vilevile, na Jumamosi wazazi walikuwa wanakuja.

Maman alikuwa amesimama nyuma yangu na karatasi zake za pointi kifuani. Akaniuliza polepole kama haiwezi kuwa ile tarehe. Nilicheka. Nilimwambia kazi yake ni kupiga chapa, mambo ya kufikiri aniachie mimi. Nilisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na walimu wawili waliokuwa kwenye korido wakacheka pamoja nami. Akaomba pardon, akarudi mezani pake.

Saa nane direkteri akaingia. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye flashi ndogo nyekundu iliyochomekwa kwenye kompyuta ya maman. Sote tuliijua. Kila mchana, akila fufu yake na sambaza, vile visamaki vya ziwani, alikuwa anaweka vidude vya kusikilizia masikioni na kuisikiliza. Direkteri akasema virusi imetoka hapo, hakuna pengine. Maman akaeleza, na nilikuwa sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Ndani mlikuwa na nyimbo za misa ya Pasaka, mume wake akiwa mwimbaji wa mbele wa kwaya. Alikufa mwaka uliofuata. Aliyerekodi aliibiwa simu yake, na simu ya maman mwenyewe ni ya vifungo. Nyimbo hazikuwa mahali pengine popote.

Direkteri si mtu mbaya, aliogopa Jumamosi. Akanipa hadi kesho saa sita. Kama ugonjwa umetoka kwenye flashi, niifute yote hapa hapa, asiione tena katika chuo chake. Kama haukutoka humo, maman abaki nayo na mambo yaishe. Alipotoka, maman aliiweka mkononi mwangu.

“Papa, mutafute muzuri,” akasema. “Ile ni sauti yake tu yenye nilibakia nayo.”

Nikamwahidi.

Kesho yake nilifika mapema na nilitafuta muzuri kweli, hilo sitajinyima. Nilipitisha dawa ya virusi kwenye flashi. Nyimbo kumi na moja, safi kabisa. Nilifungua hata mmoja. Mwanaume anakohoa kidogo, anaanza peke yake, kisha kwaya inamfuata. Nikataka kuhakikisha kwa dawa mpya zaidi, lakini intaneti ikakataa kufungua ukurasa, ikasema tarehe ya kompyuta si sahihi, maana jana jioni hakuna aliyekumbuka kuweka ile ya kweli. Nikasonya, nikaweka tarehe ya leo. Nikiwa nangojea, kidole changu kikabofya programu ya buletini kwa mazoea tu.

Ikafunguka. Majina yote, pointi zote. Nikarudisha tarehe ya uongo, ikapotea. Nikaweka ya leo, ikafunguka. Nilifanya hivyo mara tatu.

Maman alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Niliona haya, na haya yangu haikawii kuwa hasira, nikamkasirikia yeye. Kwa nini awe yeye? Ningeweza kusema toleo jipya lilikuwa na kasoro. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini direkteri angeuliza nani aliliweka, na nyuma ya swali hilo kulikuwa na lingine, na mwisho tungefika kwenye miaka miwili ya tarehe za uongo.

Saa sita wakaingia wote wawili. Direkteri akaona programu imefunguka, akanipiga bega kwa furaha, akauliza ilikuwa nini.

“Virusi,” nikasema. “Ilitoka kwa flashi.”

Maman hakubisha. Fundi amesema. Aliuliza tu kama haiwezekani kutoa ugonjwa na kuacha nyimbo. Nikamjibu kwamba nyimbo zenyewe ndizo zinaumwa.

Sasa hapa ndipo watu wanaojua kazi hii wataninyima mkono. Kuna kufuta kwa haraka, ambako kunaondoa orodha tu, na kijana yeyote mwenye meza ya simu pale Nyawera anaweza kukurudishia vitu vyako. Halafu kuna kufuta kwa polepole, kunakopita juu ya kila kitu. Kwenye kompyuta, alama ya kuchagua kufuta kwa haraka huwa imewekwa tayari. Nilimwaza kijana wa Nyawera akimwambia: maman, humu hamkuwa na virusi. Nikaiondoa alama.

Direkteri akaitwa kwenye simu, akatoka. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, na ilichukua karibu dakika arobaini. Maman akavuta kiti, akaketi karibu nami, akawa anautazama. Akanisimulia nyimbo zile moja moja: ule mume wake alioimba na mafua, ule aliosahau maneno katikati na kwaya ikamfunika, hata padri akatabasamu. Alikuwa anacheka kidogo akisimulia. Kitufe cha kusitisha kilikuwa pale chini muda wote, na mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya.

Mstari ulipofika mwisho, akaniuliza kama imekwisha. Nikamwambia imekwisha. Akaichukua flashi, akaifuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake, akasimama.

“Aksanti, papa,” akasema. “Munisamehe kwa kazi yenye niliwapa.”

Nikamwambia si kitu, maman.