Waliobonyeza

Pale hospitalini walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Miaka kumi na tisa alilinda kompyuta, akianzia kutambaa chini ya meza kuvuta nyaya mpaka akawa mkuu wa usalama wa mitandao, na ofisi yake mwenyewe. Kazi aliijua, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Watu ndio hakuwajua.

Alikuwa na mtindo wake. Kila mwezi aliwatumia wafanyakazi barua pepe ya uongo, ya likizo au ya kupandishwa cheo, na ndani yake linki ya mtego. Aliyeibonyeza, picha yake ilibandikwa kwenye ubao mlangoni pa kantini, chini ya neno WALIOBONYEZA. Daktari wa meno alibandikwa mara mbili, akaanza kulia chakula ndani ya gari. Kufuli akajisifu kwamba hofu ndiyo mwalimu bora. Mwalimu gani huyo, jamani!

Basi asubuhi moja kompyuta zote zikagoma. Wadukuzi walikuwa wamefunga mafaili ya wagonjwa: nani anameza dozi gani, nani ana damu ya kundi gani. Wauguzi wakawa wanakimbizana na vikaratasi. Nakala za akiba za kila siku zilikuwepo, lakini ukirudisha nakala ambayo wezi wameshaichafua, umewakaribisha upya. Ilibidi ijulikane waliingia siku gani, na kumbukumbu za mitambo nazo zilikuwa zimefungwa.

Kufuli akazunguka idara kwa idara akiuliza. Kila mtu bubu. Mpaka akafika masjala, kwa mama aliyetunza mafaili tangu zama za karatasi, ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi. Ndiye aliyempokea Kufuli siku yake ya kwanza kazini, akamwonyesha hata choo kilipo. Kufuli akafunga mlango nyuma yake.

"Shangazi, kama ni wewe, niambie. Nakuapia hutaguswa."

"Ni Jumanne ya juma la kabla ya lililopita, mwanangu. Barua ya fomu za kustaafu. Nilishtuka papo hapo, nikaja mpaka mlangoni kwako. Mara mbili nikageuka. Nikasema, miaka thelathini na moja, leo nikachekwe kantini kama mtoto aliyejikojolea? Nilikuogopa wewe. Hao wezi hata sura siwajui."

Wakarudisha nakala ya Jumatatu iliyoitangulia. Kesho yake adhuhuri hospitali ikapumua. Ukweli wa Shangazi ndio ulioiokoa, mtu asikudanganye.

Lakini mkurugenzi alitaka jina. "Bodi inataka mtu mmoja, bwana. Ni yeye aliyebonyeza, au ni wewe uliyelala wiki mbili. Chagua."

Kufuli alijua jibu la haki. Ubao ulikuwa wake, na ule ububu wa watu aliupanda kwa mkono wake. Maneno yakamfika kooni. Kisha akakumbuka alikotoka, chini ya zile meza, akayameza. Akatia sahihi Shangazi afukuzwe.

Mkewe alipoambiwa hakupiga kelele. "Umemuuza mama wa watu," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Shangazi alikuja kurudisha kitambulisho cha kazi. Kufuli akaanza kujikanyaga, mara bodi, mara mkurugenzi.

"Yaishe," Shangazi akamkatiza. "Ila usimwapie mtu tena, mwanangu. Huna cha kuapia."

Aibu ikamla. Siku hiyohiyo akaung'oa ubao, akatuma waraka kwa wote: mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo ukibonyeza njoo uniambie, hutaguswa. Safari hii, masikini, alimaanisha kila neno.

Wiki ya tatu, akipekua mitambo, akaona mtu wa stoo ya dawa amebonyeza linki ya wezi siku tano nyuma, akanyamaza. Akashuka mbio.

"Ndugu yangu, kwa nini hukuniambia?"

Yule bwana hata hakugeuka. Aliendelea kupanga maboksi yake.

"Shangazi si alikuambia?"