Fundi wa Kakuma na diski aliyoizika ikiwa hai

Saa tatu asubuhi, kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Bati la kibanda cha Adhel Manyang limeshashika moto wa jua, na kompyuta iliyo mezani inajiwasha, inaonyesha nembo, inazima, inajiwasha tena. Adhel anahesabu kwa vidole. Mara ya kumi na moja anachomoa waya.

"Ejok, fundi!" anamsalimu kwa Kiturkana mama anayepita na gunia la makaa kutoka Lopur.

"Ejok," anajibu bila kuinua macho.

Mwenye mashine, mwalimu Opondo, ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa. Anasema juzi kompyuta ilimwomba ruhusa ya kusasisha BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Akakubali.

"Tangu hapo inazunguka tu. Mitihani ya darasa mzima iko ndani, fundi. Tafadhali usifute."

Adhel ana miaka ishirini na tisa. Aliletwa Kakuma akiwa mgongoni mwa shangazi yake, wakikimbia vita kusini mwa Sudan, na ufundi aliusomea Lodwar kwa miezi tisa. Kwa wiki hupokea mashine kama kumi na tano, nyingi zikiwa za mitumba, na karibu zote huja na hukumu moja tayari: jenereta.

"Hapa sisi tunalaumu jenereta kabla hata hatujafungua mfuniko," anasema. "Umeme inaruka, vumbi inaingia, basi diski imeoza. Unapiga format, yote inafutika, unaweka Windows mpya, mtu anaenda nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Leo hapigi format, kwa kuwa mwalimu amemsihi. Anaitoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake mwenyewe. Mafaili yote yanatokea, mitihani ikiwemo. Diski ni nzima kama siku ilipotoka dukani.

Anairudisha, anaingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuisoma mstari kwa mstari. Huko anakuta kwamba sasisho limebadilisha namna mashine inavyoisoma diski, likairejesha kama ilivyotoka kiwandani. Windows ikiamka haiioni diski yake, inaanguka, inaanza upya. Adhel anabadilisha neno moja, anahifadhi, anawasha. Mashine inafunguka na kutulia.

Mwalimu Opondo anapiga makofi. Fundi anakaa chini, mikono kichwani.

"Mungu wangu," anasema. "Mama Makuei."

Mwalimu alipokwisha kuondoka, ndipo Adhel aliponieleza, na akaniomba mimi mwandishi nisiandike neno mpaka yeye mwenyewe amwone mama huyo.

Miezi mitatu iliyopita, Achai, ambaye wengi humwita mama Makuei kwa jina la mwanawe wa kwanza, alimletea kompyuta iliyokuwa nzito kuamka. Adhel ndiye aliyeisasisha BIOS yake, akidhani anasaidia. Ikaanza kuzunguka vilevile. Akamwambia Achai kwamba jenereta imeshaila diski, hakuna cha kuokoa, amruhusu apige format.

"Akaniambia, fanya unavyojua, mtoto wangu. Na mimi kumbe sikujua."

Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake Achai. Alimrekodi kwa siku mbili kabla hajafa, akitaja majina ya mababu wa ukoo wake, mmoja baada ya mwingine. Kwa Wadinka, kabila la Achai, majina hayo si mapambo. Kijana akitaka kuoa, wazee huulizia ukoo wa baba na wa mama, wasije wakaoana ndugu. Makuei amepata mchumba hapa kambini, na wazee wa upande wa binti wanangoja kusikia.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nakiri kwamba tulipokuwa tukitembea kwenda kwa Achai nilitamani Adhel aghairi. Kosa lile hakuna aliyelijua, na lingeweza kufa hivyohivyo.

Achai tulimkuta akichambua mtama. Adhel hakukaa. Alisimama mlangoni akasema yote, sasisho, jenereta, format, kwa pumzi moja.

"Diski ilikuwa mzima, mama Makuei. Mimi ndiye nilifuta."

Achai aliweka ungo chini.

"Siku ile uliniambia imekufa, nikamlilia mama mara ya pili," alisema polepole. "Sasa umekuja nimlilie mara ya tatu?"

Adhel alilia, na mimi nikaangalia daftari langu.

Fundi alijifuta machozi, akauliza kama kompyuta ile imetumika tangu siku ile. Achai alitikisa kichwa. Ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya shuka, kama alivyoipokea. Hakuwa na moyo wa kuiwasha.

Hilo ndilo tumaini pekee, nalo ni jembamba. Windows mpya imeandikwa juu ya sehemu ya diski, na kilichofunikwa hakirudi. Ila pasipoguswa huenda pakasomeka. Mwalimu wa zamani wa Adhel, Kiprop, ana programu ya kufufua mafaili huko Lodwar, kilomita zaidi ya mia moja kutoka hapa, na amesema atajaribu. Hakuahidi kitu.

Achai mwenyewe alimwita Makuei aitoe kompyuta. Adhel akafungua skrubu, akaitoa diski, akaifunga kwenye kitambaa. Atasafiri Alhamisi, na kibanda kitafungwa mpaka arudi. Anasema hatapiga format tena kabla ya kuchungulia diski, hata mteja akiapa kwamba ni jenereta.

Nilimuuliza Achai anatarajia nini. Alianza kuhesabu majina kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti. Kwenye kidole cha nane alisimama.

"Nane ninayo," alisema. "Ya tisa ndiyo imenikimbia. Wakinipatia hiyo moja tu, kwa sauti yake, nitamsamehe huyu mtoto."

Adhel alikuwa ameshafika barabarani, kitambaa amekikumbatia kifuani. Hakusikia.