Bendera Aliyoitunza Baba

Sanduku la baba lilinukia karafuu. Kila alipolifungua, pale nyumbani kwetu Baleni, harufu ile ilijaa chumba kizima, nami nikajua anaitazama bendera. Ilikuwa bendera ya Sayyid, sultani wa Unguja, nguo nyekundu tupu isiyo na alama yoyote. Ujanani baba ndiye aliyekuwa akiipandisha na kuishusha kwenye mlingoti wa Chole, na ndiye aliyeishusha mara ya mwisho, siku Wajerumani walipokabidhiwa kisiwa chetu cha Mafia. Mimi sikuwa nimezaliwa. Alituhadithia kwamba wenyeji hawakuulizwa neno. Waliitwa tu wakaambiwa kuwa wakubwa wamekwisha kuelewana huko Ulaya. Akaificha bendera ndani ya kanzu, akarudi nayo nyumbani.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi vita vya Wajerumani na Waingereza vilipotufikia. Njia ya kwenda Unguja ilifungwa, na huko ndiko alikoolewa dada yangu Zuhura, ambaye mama hakuwa amemwona tangu harusi. Kisha Waingereza wakashuka kisiwani na kuwashinda Wajerumani. Mama alikuwa bado anatetemeka kwa ngurumo za mizinga, lakini baba alicheka peke yake kama kijana. "Mwingereza ni rafiki wa Sayyid," alimwambia mama. "Tutarudi kuwa watu wa Unguja. Zuhura atakuja." Nondo walikuwa wameitoboa bendera pembeni. Mama akanipa sindano, nikaitia kiraka kwa mkono wangu mwenyewe, nikijiona nimepewa kazi ya kifalme.

Asubuhi yake tulikwenda Kilindoni kwa miguu, baba katika kanzu yake ya Idi, mimi nimemshika mkono kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Afisa wa Kiingereza alikaa chini ya turubai, na kando yake mkalimani kutoka Mombasa, mtu wa kusema harakaharaka. Baba aliikunjua bendera, akaeleza kwa utaratibu jinsi alivyoitunza ili siku moja ipandishwe tena. Maneno yale yote mkalimani aliyageuza kwa pumzi moja. Afisa akatabasamu, akaipapasa nguo.

"Anauliza, mmemletea yeye?" mkalimani akasema.

Baba aliinamisha kichwa akitafuta jibu la heshima. Mimi niliwaona askari wenye bunduki wakitutazama, nikauogopa ule ukimya.

"Ndiyo," nikasema.

Afisa akasimama, akampa baba mkono, kisha akaikunja bendera na kuitia mkobani. Baba aligeuka akanitazama. Angeweza kusema mtoto amekosea. Hakusema, nadhani hakutaka kuniaibisha mbele ya wageni. Aliuliza jambo moja tu: "Basi Mafia itarudi kwa Sayyid?"

"La, mzee wangu," mkalimani akajibu, safari hii polepole, bila hata kumgeukia afisa. "Wajerumani walipopewa kisiwa hiki, Waingereza nao waliridhia. Sasa wamekitwaa kwa vita. Sayyid hayumo."

Tulirudi, mimi nimemshika mkono tena. Karibu na nyumbani nilishindwa kuvumilia, nikamwomba anisamehe. "Umesema ulivyodhani, mwanangu," akanijibu. "Hata mimi nilidhani." Ningependelea anichape. Zuhura alikuja vita vilipokwisha, akamkuta baba na mimi tu. Mama tulikuwa tumekwisha kumzika.

Sasa mimi ni bibi kizee. Mafia na Unguja zimekuwa nchi moja tena, habari ambayo niliisikia redioni nikimenya muhogo. Nililia, nikatamani baba angekuwepo aisikie. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba safari hii pia hakuna aliyekuja Baleni kutuuliza. Siku hizi akifika mgeni wa serikali na maswali yake, wenzangu hujibu upesi ili aende zake, na vijana huniona mimi mzito wa kuelewa. Nawaacha waseme. Namwomba mgeni arudie swali, tena polepole.