Bosi wetu wa korosho aliteuliwa kuwa DC, nikamwambia mama atulie

Wakuu, heshima zenu.

Mimi humu huwa nasoma tu, sichangii. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kooni. Sijaongeza chumvi. Wilaya siitaji, ila ni huku huku upande wa Masasi na Newala.

Nilibeba magunia miaka miwili kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Bosi wetu alikuwa mtu wa haraka. Ukimwambia saa mbili asubuhi kuwa mzani umeharibika, saa nne fundi yupo.

Basi akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya. Tena wilaya yetu sisi! Nilifurahi kama nimeteuliwa mimi.

Sababu ni hii. Baba alifariki mwaka jana. Salfa ya ruzuku ya kupulizia mikorosho inatolewa kwa jina lililo kwenye mfumo wa wakulima, na jina lilikuwa bado la baba. Chama cha msingi cha wakulima wakamkatalia mama, wakasema marehemu hasaini.

Na mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Kwa asiyelima korosho: maua yasipopata salfa kwa wakati, ugonjwa wa ubwiri unga unayafanya meusi, na mwaka wenu umeishia hapo.

Mama alitaka twende kwa mtendaji wa kijiji tuanze barua ya kubadilisha jina. Mimi nikamwambia, "Mama, tulia. Huyu DC namjua. Anakuja kusikiliza kero, atalimaliza siku hiyo hiyo."

Tukasubiri wiki tatu. Wiki tatu, wakuu! Mpaka leo najilaumu.

Siku ikafika. DC akaja na utaratibu wake wa kiwandani: kila mtu dakika mbili. Katibu wake kashika simu, muda ukiisha inawika kama jogoo.

Sasa jamani, huku kwetu nani anaanza na shida?

Wa kwanza alikuwa jirani yetu, Mzee Hamisi.

"Shikamoo mzee. Sema shida yako," DC akamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri, mzee."

"Na mama watoto?"

"Hajambo. Shida, mzee."

"Tunashukuru. Sisi huku juzi tumemzika mdogo wangu. Alianza na homa tu, tukasema labda..."

Jogoo akawika.

"Anayefuata!" katibu akaita.

"Anayefuata aende wapi?" Mzee Hamisi akauliza. "Mimi hata hodi sijamaliza."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akajifunza haraka. Akasimama, akasema kwa pumzi moja, "Shikamoo mheshimiwa maji hakuna ahsante," akakaa. Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akapiga meza.

Ikaja zamu yangu. Mimi mbele za watu ulimi unakuwa mzito. Nikamwamkia DC. Halafu kuna wazee saba kwenye benchi, huwezi kuwaruka, nikawaamkia mmoja mmoja. Nilipomrudia DC, akanitazama vizuri.

"Wewe si ulikuwa chumba cha magunia?"

Nikasema ndiyo. Nikatabasamu kama mjinga.

Jogoo akawika.

Bahati nilikuwa nimeandika shida yangu kwenye karatasi. Nikampa. Akaisoma palepale, akamgeukia afisa wa pembejeo. "Hili ni jina tu. Libadilisheni leo."

Afisa akasimama kwa adabu zote. "Mheshimiwa, mfumo haukubali. Unahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mtendaji, halafu iende mkoani."

"Kiwandani nilikuwa nabadilisha jina la mtu kwa kalamu."

"Ndiyo mheshimiwa. Kule kalamu ilikuwa yako."

DC akaikunja ile karatasi, akampa afisa. Kiwandani sikuwahi kumwona akiacha jambo mikononi mwa mtu mwingine.

Baada ya hapo ni kero juu ya kero. Kikao cha ukoo kiliahirishwa mara mbili kwa sababu baba mkubwa alikuwa amesafiri kwenda Chilangala. Mtendaji naye alikuwa semina. Barua ikarudishwa kwa sababu mhuri haukuonekana vizuri. DC mwenyewe alipiga simu mkoani, hilo sitamnyima, akaambiwa asubiri kama sisi.

Meseji iliingia mchana mmoja nikiwa shambani na mama, maua yameshakuwa meusi, yanadondoka ukigusa tawi. "Ndugu mkulima, taarifa zako zimekamilika." Mama akauliza inasemaje. Nikamsomea.

"Wajibu," akasema. "Waambie tumeshukuru."

Kisha akaendelea kupalilia. Hajanigombeza mpaka leo, na ningependa anigombeze.

DC simlaumu sana. Kule alikuwa anaamuru watu wake, huku kila afisa ana mkubwa wake mwingine. Mwenye kosa ni mimi niliyedhani kujuana na mtu kunatosha kuwa barua. Kama kwenu shamba bado lina jina la marehemu, usisubiri mgeni yeyote. Nenda kwa mtendaji kesho asubuhi.

Karibuni mchangie, hata wa kunicheka. Ila kwanza wenye ujuzi mnijibu hili: salfa tumepewa, mifuko yote, maua yakiwa yameisha. Ikikaa ndani mpaka msimu ujao itafanya kazi? Mama ameiweka chumbani kwake, na kila siku ananiuliza.