Mrehani wa Ma Restituta

Chwa… chwa… chwa.

Sauti inatoka kibanjani, shamba la nyumbani, kwenye migomba mirefu, ambako macho bado hayapenyi. Ni sauti ya viganja viwili vinavyofikicha majani mabichi. Kisha inafika harufu ya mrehani, nzito na tamu, kama vile mtu amepita mlangoni sasa hivi.

Saa kumi na moja alfajiri, Nyanga, Manispaa ya Bukoba. Ukungu wa ziwa umeilalia migomba. Georgina Karugendo (46), mkuzaji wa miche ya viungo vya majani, amesimama jikoni, mkono kwenye komeo. Kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe wake azikwe, anafungua mlango saa hii.

Hana budi. Leo shemeji yake, Onesphory, ameapa kuja na jembe.

Mjini watu wanamjua Georgina kwa makopo yake. Karibu na soko hupanga ndoo kuukuu za rangi na makopo ya mafuta yaliyotobolewa chini, kila moja na mche wake. Kopo moja shilingi elfu mbili, ushauri bure. Anayeanza humpa mimea isiyosumbua: mchaichai, ambao shina lake hutoa mizizi hata kwenye glasi ya maji, vitunguu majani, ambavyo ukivikata juu vinachipua tena, na mnanaa, lakini ndani ya kopo lake peke yake.

“Ukiuachia bustani, utaimaliza,” anasema.

Farida Hamidi, fundi cherehani wa Kitendaguro, aliwahi kumrudishia mche wa rozimeri uliooza. Georgina alichomeka kidole kwenye udongo, akamtazama.

“Uliupanda au uliuogesha?”

Farida anacheka akikumbuka. Siku hizi humwagilia udongo ukikauka tu. Lakini naye ana lake la kulalamikia: mrehani wa Georgina unamea vizuri, ila haunukii kama ule wa bibi.

Bibi huyo ni Ma Restituta, mama mkwe. Ndiye aliyeanzisha tuta la mimea mama, inayozaa mbegu na vipandikizi vya kila kopo. Kila alfajiri alilipitia akifikicha jani moja la kila shina, ananusa, anasonga mbele. Akiona ua linataka kuchanua alilidokoa, kwa sababu mrehani ukishachanua majani hupoteza ladha. Mbegu alizichukua kwenye mashina yaliyonukia kuliko mengine.

Alifariki kiangazi, miaka miwili iliyopita, akazikwa kibanjani kama familia za hapa zinavyozika, kando ya tuta lake. Siku zote za msiba hakuna aliyeshika jembe wala ndoo ya kumwagilia. Ndiyo desturi.

“Nilijua nitakuta vijiti vikavu,” anasimulia Georgina. “Nikakuta udongo umelowa na maua yote yamedokolewa.”

Majirani walimwambia ni umande wa ziwa.

“Umande haudokoi maua.”

Tangu hapo sauti haijakosa alfajiri hata moja. Georgina hujifungia hadi jua litoke, ndipo huingia tutani, akamwagilia haraka haraka na kutoka. Kufikicha hajawahi. Na Onesphory, mkulima wa kahawa huko Muleba, alipolala hapa juzi akaisikia, alisema mama yake hapumziki kwa sababu mimea ile inamwita kazini. Akaamua ing'olewe yote, pamwagwe saruji. Kwa Georgina, hiyo ni kung'oa kazi yake yote.

Anatembea gizani kuifuata sauti. Pembeni ya kaburi anamkuta Onesphory ameketi, jembe miguuni. Georgina anashusha pumzi.

“Kumbe ni wewe, shemeji, Ta Onesphory. Umenitisha.”

Onesphory anainua mikono yake na kumwonyesha viganja, vikavu, havina hata jani.

Nyuma yake, chwa… chwa.

Mashina yanatikisika moja baada ya jingine, taratibu, kwa mpangilio. Migomba imetulia, upepo hakuna.

“Mwambie wewe mama apumzike,” Onesphory ananong'ona. “Ulikuwa mkwe kipenzi. Mimi alikuwa ananikemea tu.” Anashika mpini wa jembe. “Akinyamaza, naondoka na jembe langu. Asiponyamaza, nang'oa.”

Georgina anachuchumaa. Anashika jani la shina la kwanza, analifikicha, ananusa. Harufu ni hafifu. Anatafuta ua kwa vidole, analidokoa. Anahamia shina la pili, na hili linanukia hadi machozi yanamlenga. Mbegu za hili, anasema, ndizo atakazowapandia wanaoanza, Bukoba hadi Muleba.

Sasa wanaofikicha ni wawili, yeye na asiyeonekana, na katikati yao limebaki shina moja tu. Georgina anainua uso.

“Mawe, mama yangu, tafadhali pumzika waitu,” anasema kwa sauti. “Kuanzia kesho jua halitachomoza kabla sijalipitia tuta lako, jani kwa jani, kwa mikono yangu.”

Shina la katikati linatulia, na Onesphory anainuka na jembe lake, anaelekea njiani.